Anisa Rajabali, Mpiga Fidla wa Watunzi Walio Hai

Mwaka umetimia leo, Anisa, tangu asubuhi ile ya tarehe 23 Mei ulipotutoka, hapa hapa Dodoma ulipozaliwa, ukiwa na miaka arobaini na mitano. Miezi ya mwanzo tulikuwa tukiambizana kwamba uko safarini, kwa kuwa nusu ya maisha yako ilikuwa safari, na uongo huo ulitusaidia kidogo. Sasa hausaidii tena. Tumekaa tukakubaliana tukuandikie yaliyotokea nyuma yako, hasa ya baba yako, maana unajua mwenyewe mliagana na jambo likiwa halijaisha.

Wanaosoma hapa na hawakukufahamu watuvumilie. Ulikuwa mtoto wa pili wa Mzee Rajabali, muuza vitambaa wa hapa mjini, na Mama Parvin. Fidla ulifundishwa na sista mmoja wa misheni, na fidla yenyewe ilikuwa na nyuzi tatu badala ya nne. Ulipokuja kupata nzima ulilalamika wiki nzima kwamba ule uzi wa nne unakupotezea muda.

Ukaenda Ulaya kusoma, ukakaa miaka kumi na mitatu. Ulisimama mbele ya okestra kubwa, wewe peke yako na fidla yako, na watu themanini nyuma yako wakikufuata. Baba yako alikata picha yako kwenye gazeti akaibandika dukani juu ya vitenge. Mteja akija kununua doti moja alipewa na historia ya maisha yako bila kuiomba.

Kisha, ukiwa na miaka ishirini na tisa, ukaanza ukaidi wako. Ukasema hutapiga tamasha lolote lisilo na kazi ya mtunzi aliye hai. Za marehemu ulizipiga, tena kwa mapenzi, lakini lazima katikati au mwishoni kiwepo kipande kipya, ambacho hakuna mtu ukumbini aliyewahi kukisikia. Wakala wako wa huko alikuambia watu wananunua tiketi ili wasikie wanachokijua. Ukamjibu, "Na hicho wanachokijua, siku ya kwanza nani alikijua?" Mialiko ikapungua. Hukulalamika. Ulirudi nyumbani mwaka 2014, ukapanga nyumba Mkonze, ukafundisha, na mara mbili tatu kwa mwaka ukaondoka kwenda kupiga, ukilalamika tu kwamba uwanja wa ndege wa Msalato utakwisha kujengwa wewe ukiwa umeshazeeka.

Hatukusifii kwa kuwa umekufa. Ulikuwa mtu wa kazi, mgumu, na mara nyingine wa kuchosha. Ukipewa kipande kipya hukumwacha mtunzi apumue. Ulikuwa ukimpigia simu saa ya chakula: "Hapa ukurasa wa nne umeandika polepole. Polepole ya mtu aliyechoka, au polepole ya mtu anayefikiri?" Na wifi yako Karishma hatasahau jinsi ulivyompigia dakika sita za muziki wa mtunzi mmoja kijana akiwa anachambua mchele, kisha ukamuuliza ameonaje. Alisema, "Nimepoteza hesabu ya vijiwe." Ulifurahi. Ulisema huyo angalau alisikiliza.

Kwa watu wako ulikuwa na neno moja: kipya kinyemi ingawa kidonda. Baba yako alikuwa akikujibu kwamba kidonda ni kidonda tu, kiwe kipya au cha zamani.

Sasa tufike hapo. Baba yako hakukosa tamasha lako hata moja hapa Dodoma. Alivaa suti ya kijivu, akakaa mstari wa mbele pamoja na rafiki yake Kishan, yule mwenye duka la vifaa vya ujenzi, akapiga makofi ya nguvu kwa kila kipande cha wazee wa zamani. Kikifika kile kipya, ananyanyuka. Anakwenda kuangalia gari. Kishan, ambaye kwa muziki hakuwa na dini wala dhehebu, anamfuata. Miaka kumi mfululizo baba yako aliangalia gari, na wewe miaka kumi ulimwona kutoka jukwaani akitoka, ukaendelea kupiga.

Ya mwaka 2016 hatuwezi kuyaruka, hata kama yeye ameomba tuyaruke. Ulikuwa umemwomba Mwalimu Tadeo Nhonya wa Mpwapwa, mwalimu wa muziki na wa kwaya, akutungie kipande cha fidla. Ndiyo iliyokuwa kazi yake ya kwanza nje ya kwaya. Kwenye karatasi za programu, kama ilivyo desturi ya muziki huo, kila jina la mtunzi lilikuwa na mabano, ndani yake mwaka aliozaliwa na mwaka aliokufa. Kwa Mwalimu uliandika 1961, ukaweka kistari, ukaacha wazi. Baba yako ndiye aliyetumwa kwa mchapaji. Akapitia karatasi, akaona pengo. Mfanyabiashara wa miaka hamsini hawezi kuona pengo kwenye karatasi akalala usingizi. Watunzi wengine wote walikuwa na miaka yao miwili, tena kwake yeye mtunzi wa muziki ni mtu aliyekwisha kufa, hakuwahi kuonana na wa namna nyingine. Akaamini umesahau. Hakutaka kukusumbua ukiwa mazoezini, akachukua kalamu akajaza mwenyewe: 2009. Tulipomuuliza baadaye kwa nini 2009, alisema ni mwaka aliokumbuka mvua zilikuwa mbaya.

Mwalimu Tadeo akaja na basi kutoka Mpwapwa, amevaa tai, na mkewe Domitila. Mlangoni wakapewa programu. Domitila akasoma, akamtazama mumewe, akasoma tena. Akasema, "Baba Ruthu, wewe umekufa miaka saba. Mimi nimekuja na nani?"

Kabla hatujafika, Kishan naye alikuwa ameshasoma, na kwa utu wake akamwendea Domitila akamshika mkono akampa pole ya kufiwa, na marehemu amesimama pembeni ameshika mkoba wa mkewe. Wewe ulicheka mpaka ukachelewa kupanda jukwaani. Mwalimu naye alicheka, akaikunja ile karatasi akaitia mfukoni. Mpaka leo iko ukutani kwake Mpwapwa, ndani ya fremu. Baba yako alikosa pa kuficha uso. Na kipande cha Mwalimu kilipoanza, alikwenda kuangalia gari kwa haraka kuliko siku zote.

Mwishoni mwa mwaka 2023 Mwalimu Tadeo alikuletea kazi nyingine, kubwa. Dakika kumi na tisa, fidla peke yake, bila pa kupumzika. Juu yake aliandika "Kwa ajili ya Anisa". Humo ndani mpigaji anatakiwa, huku anavuta upinde, apige na vidoko, ile sauti ya ulimi ukigonga kaakaa, namna wanavyoongea watu wa kwao Stumai kule Chemba. Stumai alikuwa mwanafunzi wako tangu kidato cha pili. Ulimwambia akupeleke kwa mama yake, Mama Rukia, na ukakaa siku nne kijijini unafundishwa vidoko na watoto wanakucheka. Uliporudi ulikuwa ukivifanyia mazoezi ukiendesha gari, ukioga, ukinywa chai. Siku moja mama yako alikuuliza kama utaongeza maandazi, ukamjibu kwa kidoko, akaweka sahani chini: "Leo unanisonya, Anisa? Mimi?" Ilibidi umpigie ukurasa mzima ndipo akakusamehe.

Tamasha lilipangwa Juni. Januari ukaanza kuumwa, na Machi daktari akatuambia ukweli.

Aprili, siku moja mchana, baba yako alikuwa amekaa kando ya kitanda chako anakumenyea chungwa. Mama yako alikuwapo, naye ndiye shahidi wetu.

"Baba, mimi najua huwa unatoka."

"Naangalia gari."

"Gari umeliangalia miaka kumi, na hata taa halijaibiwa. Muziki huu wa Mwalimu nitakaoupiga, nakuomba ukae."

"Nitakaa."

"Mpaka mwisho, baba."

"Nimesema nitakaa, Anisa. Kula chungwa."

Juni ulikuwa umeshalala makaburini wiki mbili. Ahadi ni deni, na baba yako akabaki na deni ambalo mwenyewe wa kulidai hayupo.

Tukuambie alivyofanya. Fidla yako aliichukua Mkonze akaileta dukani, akaiweka rafu ya juu nyuma yake, mahali pa vitambaa vya harusi. Unakumbuka jinsi kiangazi cha huku kinavyokausha mbao, na ulivyokuwa ukiweka ndani ya boksi lake kile kisanduku cha sabuni chenye matundu, na sponji mbichi ndani, ili fidla isipasuke. Baba yako hakuwahi kuambiwa na mtu. Alikuwa amekuona. Kila asubuhi kabla ya kufungua duka analowesha sponji, anaikamua, anairudisha. Mwaka mzima hajakosa. Kichwa kikimuuma analowesha, mvua ikinyesha analowesha, na Alnashir kaka yako alipomwambia kwamba masika haina haja, aliambiwa ashughulike na mambo yake.

Lakini kuitoa hakutaka. Baada ya arobaini Stumai alikuja. Akaamkia, akakaa, akaeleza kwamba anataka kukipiga kile kipande, ameshakijua chote, ila fidla aliyonayo ni ya shule, na uzi wake mzito unalegea kila baada ya dakika chache. Katika kipande hicho hakuna pa kusimama ukaukaza. Akaomba ya kwako, kwa siku hiyo moja tu. Baba yako akamwagizia soda. Akamuuliza habari za mama yake. Akamwambia, "Fidla ni ya Anisa, mwanangu." Stumai akanywa soda akaondoka. Alikuja tena Oktoba, akapewa soda. Alikuja Desemba, akapewa soda na keki, na jibu lile lile.

Sisi tulijaribu, tukashindwa. Kaka yako alipandisha sauti, na tunaona aibu kukuandikia hivyo. Mama yako alinyamaza, na kwa baba yako hilo ni baya zaidi. Tulikuwa tumeanza kukubali kwamba kazi ile itakaa kwenye karatasi, na kwamba neno la mwisho alilokuambia baba yako halitatimia.

Februari Mwalimu Tadeo akaja mwenyewe kutoka Mpwapwa, na mfuko wa karanga mkononi. Kaka yako alikuwa akipima kitambaa, akasikia yote.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, Mwalimu. Karibu. Za Mpwapwa?"

"Nzuri. Mzee, sikuja kuzunguka. Nimekuja kwa ajili ya fidla."

"Fidla ni ya mwanangu."

"Najua. Na kipande je, ni cha nani?"

Baba yako akaanza kupanga vitenge vilivyokuwa vimeshapangwa. Mwalimu akaendelea taratibu, kama anavyofundisha kwaya.

"Mwaka ule uliniua kwa kalamu, nikacheka. Kwa sababu nilikuwa nimesimama pale, kila mtu ananiona. Sasa hivi sicheki. Anisa amekufa, mzee. Mimi ni mzima. Kile kipande ni kizima, hata pumzi ya kwanza hakijavuta. Wewe umetuchanganya tena. Umechukua kilicho hai umekifungia pamoja na marehemu."

Anisa, baba yako alilia. Katikati ya duka, saa nne asubuhi, wateja wawili wakiwa mlangoni. Hatujawahi kumwona akilia, hata siku ya mazishi. Kisha akasema jambo ambalo sisi, tulioishi naye, hatukuwa tunalijua.

"Mwalimu, mimi si kwamba nachukia ule muziki wake. Kila alipouanza watu walikuwa wanatoka. Mmoja, wawili, wanainama, wanatoka. Wengine wanacheka chini chini. Mwanangu amesimama pale juu peke yake, na mimi namjua, anaona. Mimi moyo haukuweza. Nikasema bora nitoke kabla, nisiwaone."

Mwalimu akaweka mfuko wa karanga mezani. Kisha akasema, kwa upole lakini akasema, "Kwa hiyo kila mara wa kwanza kutoka alikuwa baba yake."

Baba yako akafuta uso kwa kipande cha kitambaa cha futi moja kilichokuwa mezani. Akavuta ngazi, akapanda mwenyewe na miaka yake sabini na tisa, akakataa kushikiwa, akaiteremsha fidla. Akafungua boksi, akamwonyesha Mwalimu kisanduku cha sabuni. "Mwambie Stumai asiache ikauke," akasema. "Kila asubuhi." Mwalimu akaondoka na fidla, na karanga zikabaki mezani mpaka jioni bila mtu kuzigusa.

Jumamosi iliyopita, tarehe 17, tamasha lako likafanyika, kwenye ukumbi ule ule wa shule. Watu walikuwa karibu mia mbili, wengi wao wanafunzi wako na wazazi wao. Mama Rukia alikuja kutoka Chemba. Domitila alikaa na mama yako, wakashikana mikono tangu mwanzo. Stumai alikuwa na gauni la bluu, akapanda jukwaani akaweka fidla yako begani. Alianza na kipande kimoja cha zamani, watu wakafurahi. Kisha akatangaza kazi ya Mwalimu Tadeo Nhonya, mtunzi, ambaye yumo ukumbini. Mwalimu akasimama ili kila mtu aone.

Tukuambie ukweli, maana ulikuwa hupendi kufichwa. Baba yako hakuupenda. Alipoulizwa nyumbani alisema nusu ya kwanza hakuielewa, na nusu ya pili aliielewa kidogo ikamtisha, na kwamba vile vidoko vilimfanya akukumbuke ukinywa chai, na hajui kama hiyo inahesabika kuwa kusikiliza. Amesema tukuandikie hivyo hivyo, tusipambe. Sisi wengine tuliupenda, hasa pale karibu na mwisho ambapo fidla inabaki na sauti moja nyembamba na ulimi unaendelea peke yake. Mama Rukia alisema hapo Stumai alikuwa anaongea kabisa, lakini alichokuwa anasema hakuna lugha yake.

Lakini kuna jambo moja lililotokea, na kwa ajili ya hilo tumekuandikia barua yote hii.

Ilikuwa dakika ya sita au ya saba. Vidoko vilikuwa vimeanza, na ukumbini watu walikuwa wakitazamana. Nyuma kuna waliocheka. Kijana mmoja akainama akatoka, halafu wawili wengine. Tuliokaa jirani na baba yako tulimwona akiwahesabu bila kugeuka, kwa mlio wa viti. Mikono yake ilikuwa imeng'ang'ania magoti. Mama yako anasema alikuwa akipumua kama mtu anayepanda mlima, na yeye alijua kwamba mumewe akitoka safari hii, hatasimama tena mbele ya kaburi lako.

Kishan, ambaye hakuambiwa lolote na mtu yeyote, na ambaye kwa miaka kumi alikuwa amezoea kwamba hapa ndipo wanapotoka, akaweka mikono kwenye viegemeo, akaanza kunyanyuka.

Baba yako akamshika mkono wa koti. Hakunong'ona. Alisema kwa sauti iliyosikika mpaka mistari ya nyuma, na Stumai jukwaani aliisikia na hakuacha kupiga.

"Kaa chini, Kishan. Mwanangu hajamaliza."

Kishan akakaa. Na hakuna mwingine aliyetoka.

Tunaokukumbuka ni baba yako Mzee Rajabali. Mama yako Parvin. Kaka yako Alnashir, aliyeshika kalamu hii, na wifi yako Karishma. Mwanafunzi wako Stumai na mama yake Rukia. Na Mwalimu Tadeo na Domitila, ambao tumewahesabu kuwa ndugu. Mwenyezi Mungu akupumzishe kwa amani. Sisi, kwa siku zote tutakazojaliwa, hatutakusahau.